Mitwaba inahitaji watoto wake wanaojua kusoma hesabu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, wazazi wa Mitwaba huanza kupiga hesabu: gari hadi Lubumbashi, nyumba ya kupanga, minerval, chakula. Barabara ni zaidi ya kilomita 400, na wakati wa mvua safari inaweza kula siku nyingi. Mtoto aliyemaliza masomo ya biashara na usimamizi huelekea kwenye kitivo cha uchumi na usimamizi cha UNILU, ao kwenye Institut Supérieur de Commerce. Mzazi anayemsindikiza ana ombi moja tu: amalize, apate kazi ya ofisi katika benki ao katika kampuni kubwa ya shaba.

Ombi hilo halina ubaya. Lakini tangu 2018 sheria imeleta kazi ya mhasibu hadi Mitwaba kwenyewe, na ni wachache wanaojiandaa kuifanya.

Sheria mpya ya migodi, iliyotangazwa Machi 2018, inasema kampuni lenye ruhusa ya kuchimba linapouza madini hulipa redevance. Pesa hiyo inagawanywa mara nne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa usultani, sekta ao komine ambamo madini yametoka. Hiyo 15 haipaswi kuzungukia Kinshasa kwanza. Inalipwa kwenye akaunti ya eneo lenyewe.

Tuchukue mfano wa kampuni linalouza madini ya dola milioni 1. Kama ni kasiterite, redevance ni asilimia 3,5, yaani dola 35.000, na usultani unapata 5.250. Kama ni coltan, ambayo Serikali iliiweka kati ya madini ya pekee mwishoni mwa 2018, redevance ni asilimia 10, yaani dola 100.000, na usultani unapata 15.000. Tofauti ni dola 9.750 kwa kila milioni. Ni madarasa, ni dawa, ni daraja la mbao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamaliza hesabu hiyo kwa dakika moja. Lakini pale ambapo hakuna anayejua kuuliza ni madini gani yameuzwa, ni uzito gani na kwa bei gani, mkuu wa usultani atapokea kile anachopewa na kushukuru.

Sheria hiyo hiyo inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Pesa hiyo inasimamiwa na kamati ambamo wakaaji wana viti vyao. Kiti bila mtu anayeweza kusoma bajeti ni kiti tu. Atapewa karatasi, atatia sahihi, atarudi nyumbani.

Kuna pia wale wanaochimba kwa mikono. Sheria inawataka wawe ndani ya kooperative. Na tangu Kongo ilipoingia katika OHADA mwaka 2012, kooperative ni chombo chenye masharti: inashika vitabu vya hesabu, na kila mwaka inaita mkutano mkuu ili wanachama wakubali ao wakatae hesabu hizo. Mchimbaji aliyeshuka shimoni tangu alfajiri ana haki ya kujua ni kilo ngapi zilipimwa, ni kiasi gani kilikatwa, na kwa sababu gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kooperative bila mhasibu ni mali ya yule anayeshika mzani.

Na Mitwaba si mahali pa kuchezea pesa ya watu. Pamoja na Manono na Pweto, iliitwa kwa miaka mingi pembetatu ya kifo. Familia zilikimbia vijiji zaidi ya mara moja, na Gédéon Kyungu alijisalimisha katika wilaya hiyo mwaka 2006, akarudi tena porini, akajisalimisha tena 2016. Vijana waliokimbia wakibebwa mgongoni ndio leo wana umri wa chuo. Wanajua vizuri kile kinachotokea kijana anapoona madini yanapita mlangoni pake na hakuna anayemweleza pesa imekwenda wapi.

Wengine watasema: mwenye licence atarudi Mitwaba kufanya nini? Mshahara ni wa mashaka, na njia ni mbovu. Wana haki. Hakuna anayeweza kumwomba kijana aliyesomeshwa kwa shida arudi kula upepo. Ndiyo maana jibu lisiachwe kwa kijana peke yake. Usultani unaopokea redevance uweke mshahara wa mhasibu mmoja katika bajeti yake kabla ya kununua gari la mkuu. Kooperative zinazoshindwa kulipa mhasibu kila moja zichange zimlipe mmoja anayezunguka. Navyo vyuo vya Lubumbashi, ambavyo kwa mfumo wa LMD vinatoa licence kwa miaka 3, vikubali staji ifanyike katika ofisi ya usultani ao kooperative, si katika benki na makampuni ya mjini tu. Mwanafunzi mmoja akikaa miezi miwili akipanga risiti za kooperative, atarudi na kazi ya mwisho wa masomo yenye mambo ya kweli, na kooperative itabaki na daftari.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wakimsindikiza mtoto kwenye gari, waongeze neno moja juu ya lile la ofisi: akirudi likizo, akae na wazee, afungue vitabu vya redevance na vya kooperative, awasomee kwa sauti kilichoandikwa humo. Na kama hakuna vitabu, aulize kwa nini.