RANGI SI DAWA YA KUTU

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta humu habari za mashairi, arusi na mila za wazee. Leo naomba ruhusa niwatoe huko kidogo, niwapeleke bara, Kitui na Makueni, chini ya mwembe mmoja penye gari lililofunguliwa likabaki mifupa. Asije mtu akasema kuwa gari si utamaduni. Ufundi ni utamaduni, na jinsi mtu anavyoitendea kazi ya mkono wake ndivyo atakavyomtendea jirani yake.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki yangu nimeitafuta Ukambani kwa miaka mingi. Nanunua ndengu upande wa Mutomo na Ikutha, asali huko Kibwezi, na msimu wa maembe ukifika hunikuti ila Wote. Siku hizi barabara ya Kibwezi hadi Kitui ina lami nzuri. Lakini iache lami hiyo kidogo tu, uingie vijijini, mara uko kwenye mchanga wa mto mkavu kama Tiva, na gari la mjini litakwama papo hapo hadi uvuliwe viatu ukalisukume.

Gari langu sikulinunua dukani. Tuliliunda. Chesisi ni ya Land Rover kuukuu iliyomaliza ujana wake Mombasa, injini ni ya pikapu ya Toyota, viti ni vya matatu iliyokwisha kufa, na sanduku la nyuma ni mbao na mabati. Karatasi zake ni halali, lakini sura yake haielezeki. Nyumbani kwangu waliliita Mchanyato, maana kila kitu kimo, na likipikwa vizuri linaliwa.

NIA YANGU ILIKUWA NYINGINE

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujisifu. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, alinijia mtu kutoka milima ya Makueni akitaka kulinunua gari hilo. Kwao matatu haifiki. Alitaka kuteka maji, kupeleka mazao sokoni, na usiku mja mzito akishikwa na uchungu, awe na chombo cha kumfikisha hospitali. Alitaka apewe gari kabla ya mvua za Novemba. Tukapatana bei, na bei ilikuwa nzuri.

Nikaenda kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Kikamba ambaye mikono yake inajua chuma kama mikono ya mama inavyojua unga. Nikamwambia, “Fundi, lifungue, chesisi uipake rangi nyeusi ing’ae, kisha urudishe kila kitu mahali pake. Siku kumi zatosha.”

Mzee hakunijibu. Alichukua nyundo ndogo akaingia chini ya gari, akaanza kugonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, ameinamisha sikio kama daktari. Mlio ulikuwa mkali, ting, ting, ting. Alipofika nyuma, pale springi inaposhikilia, mlio ukawa mzito, kama mtu anayegonga debe la unga. Akagonga tena kwa nguvu. Nyundo ikaingia ndani.

Akatoka na unga mwekundu kiganjani. “Mzee,” akaniambia, “kutu hii si ya Kitui. Huku kwetu ni kukavu. Hii imetoka kwenu Pwani, na chumvi yake.”

Alisema kweli. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Bodi haikuli kutu kwa haraka, basi mwenye gari huitazama akadhani yu salama. Lakini chesisi ni chuma, nayo ina uwazi ndani kama mfereji. Unyevu wa bahari huingia humo ukakaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoiona kwa macho, kazi yake imekwisha.

Basi mimi nikasema neno ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya. Nikasema, “Fundi, ziba kwa bati jembamba, paka rangi. Nani atatambaa chini kutazama?”

Mzee akafuta mikono. “Mgonjwa ukimvika nguo mpya hajapona. Gari hili litabeba watu mlimani. Springi ikichomoka kwenye mteremko, wewe utakuwa Mombasa, mimi nitakuwa hapa. Mimi ndiye nitakayekutana na wenye maiti.”

Ndugu zangu, tumekaa kwenye vyuo tangu utotoni. Tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta ndani kumerowa hali juu ni kukavu, na jinsi alivyomkanya yule muuzaji kwa kuficha. Habari hiyo nimeisikia kwenye darsa nisizoweza kuzihesabu. Lakini siku ile, aliyeifanyia kazi alikuwa mzee wa Kikamba ambaye hakukaa darsani hata siku moja, na aliyeisahau alikuwa mimi.

MKUKU NA CHESISI

Nililala vibaya usiku huo, na nilipokuwa macho nikakumbuka majahazi. Sisi watu wa Pwani tunajua kuwa chombo huanza na mkuku. Ukisha kulazwa mkuku ndipo yapandishwe mataruma, kisha mbao, kisha kalafati. Hakuna nahodha mwenye akili anayepaka deheni juu ya ubao uliooza. Kwanza ubao hutolewa, mwingine ukatiwa, pamba ikapigwa katika nyufa, ndipo deheni ya chokaa na mafuta ifuate. Waulize mafundi wa Matondoni kule Lamu, watakwambia kuwa deheni kazi yake ni kulinda kilicho kizima.

Na chesisi ndiyo mkuku wa gari. Asubuhi nikarudi nikamwambia fundi akate.

Alikata sehemu yote iliyooza mpaka akafikia chuma kinachong’aa, akachomelea chuma kipya cha unene ule ule. Kisha ikaja kazi isiyo na sifa: kukwangua kwa brashi ya waya, kupiga msasa, kufuta mafuta na vumbi, ndipo ile rangi nyekundu ya kutangulia, kisha nyeusi mara mbili. Alikuwa na mambo mawili ambayo hakuyaachia mtu mwingine. La kwanza ni ile nambari iliyopigwa kwenye chesisi. Aliipaka rangi nyepesi ili isomeke, kwa sababu gari lisilosomeka nambari ni kama mtu asiye na jina mbele ya askari. La pili ni yale matundu madogo chini ya chesisi. Kijana mvivu huyaziba kwa rangi, naye kumbe amefunga mlango maji yakiwa ndani.

KUFUNGUA NI RAHISI

Nilidhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza. Mpwa wangu kutoka Mombasa, kijana aliyesoma, ndiye aliyesaidia kufungua gari, naye kwa haraka yake alitia nati na bolti zote katika debe moja. Siku ya kuunganisha tulimwaga debe kwenye turubali tukabaki kutazamana. Bolti mia na ushee, kila moja yadai ni ya mahali fulani, na hakuna anayejua ni wapi. Siku nne zilipotea kwa kujaribu hii na ile.

“Mjomba,” kijana akaniambia, “chuoni tulifundishwa injini, hatukufundishwa debe.”

Fundi akacheka, akamwonyesha sanduku lake: mikebe ya maziwa, kila mmoja na kipande cha kitambaa chenye alama ya mkaa. Kufungua kwataka nguvu, lakini anayejua kazi huanza kuunganisha siku ile ile anapofungua.

Yakafuata mengine. Mimi nilitaka bodi ipandishwe siku ya pili baada ya rangi, kwa kuwa ukiigusa haishiki kidole. Fundi akakataa. Rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani. Ukikaza bolti juu yake, rangi hupondeka, na baada ya safari chache bolti zimelegea. Akakwangua rangi mahali ambapo chuma hukutana na chuma. Akapitisha mabomba ya breki na waya kabla ya bodi kuwekwa, maana baadaye mkono haufiki. Zile bolti za bushi za springi alizitia lakini hakuzikaza hata gari liliposhushwa chini likasimama kwa uzito wake. Akamweleza kijana: mpira ukikazwa gari likiwa juu ya jeki, likishuka mpira hujisokota, na kitu kilichosokotwa kila siku hukatika upesi.

Siku ya kuwasha, watu walijaa. Kijana akazungusha ufunguo. Injini ikalia kidogo kwa unyonge, taa zikafifia, na mara ule waya wa choki ukaanza kutoa moshi. Wengine wakapiga kelele, “Moto!” Fundi akang’oa waya wa betri kwa utulivu, akakaa kwenye tairi kuukuu, akatuuliza, “Umeme unatoka betri. Unarudi kwa njia gani?”

Hakuna aliyejibu. Basi akatufundisha. Gari halina waya wa kwenda na wa kurudi kwa kila taa. Umeme hurudi betri kwa kupitia chuma chenyewe, chesisi na bodi. Sisi tulikuwa tumepaka rangi kila mahali, na rangi haipitishi umeme. Njia kubwa ilipofungwa, umeme wote wa kuzungusha injini ukajipenyeza katika waya mwembamba wa choki, na mwembamba huungua kwa mzigo usio wake. Akachukua tindo, akakwangua rangi chini ya zile nati mbili za waya wa kurudisha umeme, akazikaza, akapaka grisi juu. Mpwa wangu akajaribu tena. Gari likawaka kwa sauti moja, na taa zikawa nyeupe mchana.

NINALOSEMA MIMI

Naam, sasa niseme rai yangu. Nchi hii imetamani gari lake mwenyewe kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa shangwe, lakini halikufika barabarani kwa wananchi. Baadaye kampuni ya Mobius iliunda gari la njia mbaya, na mwaka 2024 ikatangaza kufunga kabla ya kupata mnunuzi. Sicheki hata kidogo. Waliothubutu wana heshima yao. Ninalosema ni kwamba wakati tukingoja gari la viwanda vikubwa, yako magari yanayoundwa na kuunganishwa upya kila siku chini ya miembe, na wanaoyaunda tunawaita watu wa jua kali kama kwamba jua ndilo lililowafundisha.

Wakamba walikuwa mabingwa wa chuma kabla ya gari la kwanza kufika. Mikufu yao myembamba ya shaba na chuma ilisifiwa, na misafara yao ilifika Pwani na pembe kabla ya reli. Ujuzi huo haukufa. Umehama tu, kutoka kwenye mkufu kwenda kwenye springi. Lakini hauandikwi. Mzee wangu hana cheti, na vyuo vya ufundi vya kaunti havijamwita hata siku moja akakae na vijana asubuhi moja tu. Akifa yeye, atakufa na lile sikio linalojua mlio wa chuma kizima na chuma kilichooza. Viongozi wa Kitui na Makueni, na wa kwetu Pwani ambako mafundi wa majahazi nao wanapungua, hawahitaji fedha nyingi kwa hili. Wawaite wazee hawa, wawalipe, wawape vijana wa kuwashikia spana.

Na sisi wafanyabiashara tuna letu. Ni sisi tunaowaambia mafundi, “Paka tu.” Fundi mwenye njaa akiambiwa hivyo na mwenye pesa, mara ngapi atakataa? Uovu wa rangi juu ya kutu hauanzi kwa anayeshika brashi.

Mnunuzi alikuja mwishoni mwa Oktoba, mawingu yamekwisha tanda. Kabla hajatoa fedha, nilichukua kurunzi nikamwomba aingie nami chini ya gari, kanzu yangu na yote. Nikamwonyesha penye kiraka, nikamweleza kilichokuwapo na kilichofanywa. Alinyamaza kitambo, kisha akapunguza bei. Baada ya gharama za kukata na kuchomelea, faida yangu ilitosha nauli ya kurudi Mombasa na kilo chache za ndengu.

Fundi alimwagiza arudi baada ya wiki moja zikazwe bolti zote upya. Alirudi, na huku nyuma alikuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga aliyezaliwa usiku wa juzi yake, hospitalini, si njiani. Mzee hakumtazama mtoto sana. Alichukua nyundo yake ndogo, akaingia chini ya gari, akagonga pale penye kiraka, akasikiliza. Mlio ulikuwa mkali.