King'ora Kisiwe cha Uongo

Magari mengi yaingiayo Unguja na Pemba yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na wenyewe huwaita mafundi wa umeme wayatilie ving'ora vya kuzuia wizi. Hatua hiyo ni njema. Lakini tunaona kwamba king'ora kilichofungwa ovyo ni hasara kwa mtaa mzima.

Ikumbukwe kwamba king'ora hakimkamati mwizi. Kazi yake ni kumwita jirani. Na jirani aliyeamshwa mara tatu kwa sababu ya paka aliyerukia boneti, mara ya nne hatatoka, hata kama aliyekuja ni mwizi.

Kwa hiyo ufungaji una masharti yake. Kisanduku kinachoongoza mtambo kifichwe ndani ya dashibodi. King'ora kikae chini ya boneti, mbali na joto la injini, mdomo ukielekea chini kisije kikajaa maji. Waya utokao kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri hiyo. Bila ya fyuzi, waya ukichunika na kugusa bodi waweza kuunguza gari zima. Rilei ikate umeme wa starta tu, wala isizime injini ya gari lililo katika mwendo. Kifaa kihisicho mtikisiko kirekebishwe hata kisishtuke kwa upepo au lori lipitalo. Tena, hewa yetu ya bahari yenye chumvi hula shaba: kusokota nyaya na kuzizungushia tepu hakutoshi, bali zitiwe lehemu na kufunikwa vyema.

Tunawaelekea hasa maofisa wanaosimamia magari ya Serikali. Gari la umma ni amana mikononi mwao. Fundi asilipwe mpaka kila mlango, boneti na rimoti vimejaribiwa mbele ya dereva, na fyuzi imeonekana kwa macho. Kisha king'ora kikianza kulia bila ya sababu, kitengenezwe. Kukikata waya na kukiacha bubu ni kuitupa fedha ya wananchi.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni jirani, naye hatoki ila kwa sauti anayoiamini. Tunatoa wito kwa wenye magari na mafundi wailinde imani hiyo.