Mhandisi Hazuii Lori la Mchanga

Kuna imani iliyoota mizizi Kitui na Makueni, kaunti kame za Kenya: nchi kame inataka wahandisi, kwa hiyo mtoto anayekwenda chuo kikuu kusomea historia, falsafa au fasihi anachoma karo ya mzazi. Huu ni upuuzi, na ushahidi umelala mtoni.

Litazameni bwawa la mchanga. Ukuta wa zege unakatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, na mchanga unayaficha maji yasikaushwe na jua. Mwezi wa tisa, mama anafukua kwa sufuria na shimo linajaa maji polepole. Mhandisi amemaliza kazi yake, tena kwa ustadi. Kisha usiku linakuja lori. Mchanga unasombwa ukajenge maghorofa mjini, na ukuta unabaki mzima kabisa, hauna cha kulinda.

Mchanga ule ni wa nani? Nani aliruhusu lori lipite? Kijana aliyelipwa kupakia tumwiteje, mwizi au mwenye njaa? Fizikia haina jibu. Makueni ilijibu kwa sheria ya kuhifadhi mchanga ya mwaka 2015, na gavana wa wakati huo, Kivutha Kibwana, alikuwa profesa wa sheria. Chini yake wananchi walijadili bajeti kuanzia vijijini, na kamati zao zikakagua miradi. Lakini kamati isiyojua kusoma bajeti, wala kumpinga mheshimiwa bila kumtusi, ni ya kupigia picha tu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaziagiza kaunti zitoe elimu ya uraia. Semina ya siku moja, fulana na soda, si elimu. Na wa kuitoa elimu hiyo hawako mbali: SEKU, chuo kikuu cha umma, kiko papo hapo Kwa Vonza, Kitui.

Nakubali, historia, falsafa na fasihi zikifundishwa kwa noti zilizochakaa, mwanafunzi akariri na kusahau, hata mimi nisingezilipia. Dawa yake ni kuzitoa darasani. Mwanahistoria aandike kesi za mchanga za tarafa yake. Mhandisi naye akae mkutanoni aulizwe maswali na wazee.

Seneti za vyuo vyetu ziifanye elimu ya uraia kuwa somo la lazima kwa wote wawili, mwanahistoria na mhandisi, na nusu ya alama zitoke kwenye mikutano ya bajeti vijijini.