Hati Tunazozipita Bila Kuzisoma

Kuna kauli inayozunguka sana miongoni mwetu wapenzi wa fasihi, na imenichosha. Kwamba herufi za Kiarabu ni mambo ya Pwani. Ukizikuta Unguja, Lamu au Kilwa, sawa, ziko kwao. Ukizikuta Iringa au Mbeya, basi zimekuja na lori la mizigo na zitaondoka nalo. Kauli hii ina pacha wake, anayesema kwamba herufi hizo, popote zilipo, ni jambo la dini tu, na mtu wa fasihi hana shughuli nazo. Nazipinga zote mbili. Herufi hizi zilikiandika Kiswahili kabla ya hizi ninazotumia sasa hivi, na sisi tunaojiita wasomaji wa Kiswahili tunazipita kila siku kama vipofu.

Yeyote aliyesafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya anazijua, hata kama hajawahi kuzitazama. Ziko juu ya milango ya misikiti, tangu Iringa mjini hadi Mwanjelwa. Ziko kwenye paji la basi, na kwenye mipira inayoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori yanayokwenda Tunduma. Ukiingia hotelini Mafinga kula wali, utaziona kwenye fremu ya rangi ya dhahabu juu ya kaunta. Ziko kwenye kibao cha bucha, kwenye saa ya ukutani, kwenye boksi la tende. Baadhi zimechorwa na mkono unaojua kazi: alifu imesimama wima kama mpaini wa Sao Hill, mikia imepinda vizuri, nukta zimekaa mahali pake. Nyingine, jamani, ni aibu.

Nitaeleza aibu ninayoizungumzia. Herufi za Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na nyingi hushikana mikono ndani ya neno. Programu ya kompyuta isiyozijua huziachanisha, kila moja ikasimama peke yake, kisha huzipanga kinyumenyume. Stika za namna hiyo ziko nyingi barabarani. Moja niliiona stendi ya Mbeya, kwenye kioo cha mbele cha basi, kubwa, ya rangi ya fedha: Mashallah, limeanzia mkiani na limekatika vipande. Nikamwambia kondakta, "Kaka, hapa maandishi yamegeuka." Akanitazama kwa huruma. "Mkubwa," akasema, "hiyo ni ya baraka, si ya kusoma."

Hiyo ni ya baraka, si ya kusoma! Simlaumu kondakta hata kidogo. Amesema waziwazi kile ambacho wahakiki wetu wanakisema kwa mafumbo. Maandishi yasiyosomwa hugeuka kuwa pambo, na pambo likiogopwa hugeuka kuwa hirizi. Ndiyo maana mtu yuleyule anayeyabandika kwenye gari kwa ajili ya baraka huyakimbia akiyaona kwenye kibao cha mganga, akidhani ni uchawi. Kupenda kwake na kuogopa kwake vina chanzo kimoja: hajui pameandikwa nini.

Mfano mwingine, wa sokoni Mwanjelwa. Kijana mbeba mizigo alikuwa amepumzika, amekalia boksi la tende. Mama mmoja akapita, akashtuka. "Wewe dogo, inuka hapo! Hayo ni maneno ya Mungu!" Kijana akaruka kama aliyekalia siafu. Nikasogea. Nikamwamkia yule mama, nikamsomea kilichoandikwa: tende, uzani safi, kilo kadhaa, tarehe ya mwisho wa matumizi. "Kumbe?" akasema. Akafikiri kidogo. "Hata hivyo asikalie chakula." Hapo nikakubaliana naye.

Lakini angalia maneno yenyewe, msomaji. Wazn, safi, tarikh. Uzani, safi, tarehe. Yale yaliyomrusha kijana kutoka kwenye boksi yalikuwa maneno anayoyatumia tangu utotoni. Na uzani huo una ndugu yake, mizani, ambayo malori yote ya barabara ile husimama juu yake pale Makambako. Mizani hiyohiyo ndiyo mwanafunzi wa fasihi huihesabu kwenye shairi. Hata neno hati, ambalo watu wa Uyole na Kihesa wanalifukuzia kwenye ofisi za ardhi ili viwanja vyao vitambulike, ni khatt ya Waarabu: mstari, mwandiko, jina lenyewe la sanaa hii ya kuandika kwa uzuri. Tunamcheka mtu kwamba hajui alifu wala bee. Hebu tuulizane kwa ukweli: nani kati yetu anazijua?

Sasa, kwa nini hatuzijui? Nina jibu, na halitawapendeza wenzangu walimu. Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa chimbuko la Kiswahili. Huorodheshewa nadharia: eti Kiswahili ni pijini, eti ni lugha ya vizalia, eti ni Kiarabu, kisha hufundishwa kuzipangua moja baada ya nyingine mpaka abaki na ukweli kwamba Kiswahili ni Kibantu. Somo zuri, na ukweli ni huo. Tatizo ni kwamba katika kuipangua ile ya Kiarabu tumetupa na kitu kisichohusika. Lugha ni kitu kimoja, herufi ni kitu kingine. Kiingereza kinaandikwa kwa herufi za Warumi, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba Kiingereza ni Kilatini. Kiajemi na Kiurdu vinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na si Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizohizo karne kadhaa, na kilibaki Kibantu kila siku ya karne hizo. Mwanafunzi wetu akikiri kwamba lugha yake ilivaa kanzu hiyo, anahisi kama anapoteza alama kwenye mtihani.

Matokeo yake ni historia ya fasihi yenye mguu mmoja. Bado nasikia watu wakisema kwamba wamishonari ndio waliokianzishia Kiswahili maandishi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Muyaka bin Haji alikuwa ameshafariki mwaka 1840. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Tungo za Muyaka tunazo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuzinukuu kwa herufi za Kiarabu, na Mwingereza William Taylor akazichukua. Leo karatasi hizo ziko London. Sisi tunamsoma Muyaka kwa herufi za Kirumi, kama walivyotupatia wahariri, na hatuna njia ya kuwakagua kama walikosea.

Atakuja mtu aniambie: sawa, lakini hayo ni ya Mombasa na Pate, yanahusu nini Iringa? Yanahusu. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilifika Usangu kwa Merere katika karne ya 19, na biashara ya namna ile haiendi bila barua na orodha ya madeni. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi hizo. Na Wajerumani? Mwaka 1891 Mkwawa aliwapiga Lugalo. Mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Ujerumani kitabu kizima cha barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa ajili ya wanafunzi wa Berlin waliokuwa wakijifunza lugha yetu. Hata pesa ya shaba ya kampuni yao, ile ya 1890, ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Mtawala alielewa kwamba asipoweza kusoma barua za nchi hataitawala. Baadaye shule zake zikaeneza herufi za Kirumi, Waingereza wakasanifisha kwa hizohizo, na wajukuu wa nchi wakaambiwa kwamba hapakuwa na kitu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito, na siikwepi. Herufi za Kiarabu hazikutoshea Kiswahili vizuri. Zina irabu tatu, sisi tuna tano. Hazina p, wala ch, wala ng'. Kweli kabisa. Lakini wenye lugha walitafuta dawa: Waajemi waliongeza nukta wakapata p na ch, na waandishi wa Mombasa nao wakabuni alama zao za kutenganisha e na i, o na u. Aidha, sisemi turudi kuandika magazeti kwa herufi hizo. Herufi za Kirumi zinatutosha na watoto wanazijua. Ninachokataa ni kuzitumia kama kisingizio cha kutoweza kusoma cha babu zetu.

Na kwa wale wenye wasiwasi wa dini: Wakristo wa Misri na Lebanon husoma Biblia yao kwa herufi hizi. Mtoto wa Kilutheri wa Iringa au wa Kimoravian wa Mbeya hatasilimu kwa kujua bee ni ipi, kama ambavyo hajawa Mchina kwa kutazama maandishi ya Kichina kwenye mitambo ya wajenzi wa barabara. Na Mwislamu naye aache kuzifungia msikitini. Zilipokuwa hai zilibeba pia bei ya pembe za ndovu, matusi ya washairi na barua za mapenzi.

Kwa hiyo nadai mambo mawili madogo. Anayesomea shahada ya Kiswahili ajifunze kusoma ukurasa mmoja wa muswada, mmoja tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada hiyo, na orodha yake ilichapishwa tangu 1970. Herufi ni 28, si mlima wa Rungwe. La pili ni letu sisi tunaoandika uhakiki. Mchoraji aliyeandika juu ya mlango wa msikiti au nyuma ya lori ni msanii wa mwandiko, na kazi yake istahili kusifiwa ikiwa nzuri na kusutwa ikiwa mbovu. Kondakta akiambiwa na abiria kumi kwamba Mashallah yake imegeuka, ataibandua. Kwa sasa abiria wanapanda, wanakaa, na hakuna anayesema kitu.