Mboga Zisifichwe Ndani ya Bilauri

Siku hizi umezuka mtindo katika nyumba nyingi za mijini wa kusaga mboga mbichi pamoja na matunda na kuwanywesha watoto. Sukuma wiki au spinachi hutiwa ndani ya blenda pamoja na ndizi mbivu, embe na maziwa, na baada ya dakika moja hupatikana kinywaji kizito cha kijani ambacho mtoto hukibugia pasi na kujua alichokunywa. Wazazi huyasifu sana maarifa haya, nami siyapingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na ni familia chache ninazozijua zinazofikia kiasi hicho. Isitoshe, kinywaji kilichosagwa bila ya kuchujwa hubaki na nyuzinyuzi zake.

Ninalolitilia shaka ni kule kuficha. Mzazi anayemfichia mwanawe mboga ndani ya ndizi humfunza, bila ya kutamka neno, kwamba mboga ni dawa chungu isiyonyweka ila kwa hila.

Dharau hii, kwa maoni yangu, imo katika lugha yenyewe. Hebu msomaji alitafakari jina sukuma wiki. Mmea huu ni jamaa wa kabeji, na asili yake si Afrika. Tulipoupa jina, tuliupa la uhitaji: chakula cha kuisukumia wiki hadi senti zipatikane. Mtoto aliyekua akilisikia jina hilo atauonaje mmea wenyewe ila kama ishara ya mfuko mtupu? Kwa upande mwingine, mnavu huitwa managu na Wakikuyu, osuga na Wajaluo, rinagu na Wakisii. Mgagani ni saget kwa Wakalenjin, chinsaga kwa Wakisii, dek kwa Wajaluo. Katika majina haya simna harufu yoyote ya umaskini. Waliozitumia mboga hizo walijua ipi ni chungu na hutiwa maziwa ili uchungu upungue, na walijua kwamba majani ya kunde hulainika yakipikwa pamoja na mrenda. Yote hayo ni elimu, na huhifadhiwa na kurithishwa kwa maneno.

Mwaka huu niliwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wataje majina matano ya mboga za majani kwa lugha zao za mama. Wengi walikwama kwenye la tatu. Sikushangaa sana, kwa maana mama mboga wa mtaani siku hizi hutukatia majani kabisa na kuyatia ndani ya mfuko, hata mtoto asiwahi kuliona jani zima.

Tena blenda ina mipaka yake. Mnavu, mgagani na kunde ni mboga za kupikwa, hazinywewi mbichi. Kwa hivyo nyumba inayoitegemea mashine hiyo hubaki na sukuma wiki na spinachi tu, huku utajiri wote uliosalia ukiachwa sokoni. Vilevile, viini vya mboga za majani ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A hufyonzwa vyema zaidi pakiwa na mafuta, jambo ambalo sufuria yenye kitunguu na mafuta kidogo imelitimiza siku zote bila ya makelele.

Mnamo 2021, UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya jadi miongoni mwa mifano bora ya kulinda turathi. Ni fahari kubwa. Hata hivyo, sifa za ugenini hazitamfaa mtoto wa Umoja au Kisauni ambaye hajawahi kuketi akachambua mchicha kwa vidole vyake.

Kwetu nyumbani blenda hufanya kazi Jumamosi asubuhi, wala haijafungiwa kabatini. Jioni za siku nyingine mboga huchambuliwa mezani, kila mtu na fungu lake, na jina la kila jani hutajwa. Binti yetu wa miaka minane bado huusukuma mgagani pembeni mwa sahani, lakini huuita kwa jina alilofunzwa na nyanyake, na juzi alimsahihisha kakake aliyeuita mnavu.