Jike Hana Rangi? Fikiria Tena

Juzi jirani aliona tangi langu la samaki hapa Lugulu. Dume mmoja mwekundu, majike watatu wa rangi ya majani makavu. Akaniambia, "Hao watatu tupa, wanaharibu picha." Manze, nilikasirika.

Huyo ni furu wa Ziwa Victoria, ukoo mmoja na ngege tunaokula. Kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Jina nyererei lilitolewa 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Sasa, dume wangu alitoa wapi wekundu? Nusu ya jeni zake zilitoka kwa mama. Mama anabeba jeni za rangi, ni vile tu mwili wake hauzionyeshi. Ukimtupa, umetupa nusu ya wekundu wa watoto wako wa kesho.

Na si hiyo tu. Huko Mwanza, nyererei anaishi karibu na ndugu yake wa bluu, Pundamilia pundamilia. Wakizaana, machotara wao pia wanazaa vizuri tu, kwa hivyo jeni zinaweza kuendelea kuchanganyika. Nani anazuia? Ni huyo huyo jike "asiye na rangi". Anaangalia madume, anachagua wa rangi ya kwao.

Lakini ili achague, lazima aone. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte waliandika katika jarida la Science kwamba maji ya ziwa yakichafuka, majike hawatofautishi rangi vizuri. Spishi zinachanganyika na rangi zinafifia. Hakuna aliyewavua wote. Ni maji tu.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Mvua ikinyesha, Nzoia pale Webuye inakuwa kahawia kama chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba yetu pamoja na mbolea, na mto huo unaishia Ziwa Victoria. Mwanza ni mbali, sawa, lakini furu wako hata upande wetu, na wao pia wanachagua kwa macho.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kama unapenda samaki wa rangi kwa simu yako, ambia watu wa kwenu wasilime mpaka ukingoni mwa mto. Acheni nyasi na miti pale.

Na majike wangu hawaendi popote. Wewe ungewatupa?