Moto Upi Huo?



Pale Petite Barrière, watu wanapovuka kwa miguu kati ya Goma, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Gisenyi, Rwanda, tegeni sikio kwa neno "moto". Mama wa Goma anayesema Kiswahili anataja kitu kinachopika chakula na kuteketeza nyumba. Kijana wa Gisenyi anataja pikipiki ya abiria, neno alilopata kwenye Kifaransa. Kinachowaka yeye hukiita umuriro, kwa Kinyarwanda. Hadi mapema mwaka 2025, askari wa Kongo aliyekuwa pale, ambaye jeshini alizoea Kilingala, huenda alimtaja mtu. Na Kilingala chenyewe hakiishii hapo: sauti ikibaki chini, moto ni mtu, ikipanda mwishoni, ni kichwa, ikianza juu na mdomo ukapanuka, ndipo unakuwa moto wa kuchoma. Katika maandishi ya kawaida yote matatu huandikwa vilevile. Sisi wa Kiswahili, ambao hatutofautishi maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, hatuling'amui hilo kwa urahisi.

Siku nyingi mkanganyiko huo huishia kwenye kicheko, na si vibaya. Lakini usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Rwanda gizani. Saa kama hiyo, onyo la neno moja halitoshi.

Kwa hiyo tunawaomba. Mtangazaji, usitamke "moto" ukanyamaza: taja mlima, sema lava inaelekea wapi na watu wapite njia ipi, kisha urudie kwa lugha ya jirani. Muuguzi, mgonjwa mgeni akilalamikia "moto", mwombe aguse panapouma kabla hujaamua kwamba ana homa. Mwalimu, mtoto mhamiaji akichekwa kwa neno lake, mpe nafasi awaeleze wenzake maana ya kwao.

Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na biashara itazidi kutukutanisha, kuanzia Kigoma hadi Bujumbura. Tujizoeze swali moja: "Kwenu hilo lina maana gani?" Tuliulize kwa upole, na anayeulizwa ajibu kwa moyo mweupe.